Nilivyokwenda Ugogo Kuwashtaki Mbweha

Mmekuwa mkija kibarazani kwangu hapa Gongoni mmoja mmoja, kila mtu na kiatu mkononi ambacho hakina ubaya wowote. Mnakaa, mnakohoa, kisha mnaanza: "Haya, Kasimu, hebu tueleze yaliyokupata huko." Nimesimulia mpaka ulimi umeota sugu, na kila nikisimulia, makobazi ya watu yanalala bila kushonwa. Sasa nimeandika. Anayejua kusoma awasomee wenzake, na mwenye kiatu kizima akae nacho kwake.

Zuhura mnamjua, mdogo wangu wa pekee, niliyemlea mwenyewe baada ya wazazi wetu kufariki. Mnakumbuka pia maneno mliyosema alipoolewa na Ndahani, yule kijana wa Kigogo wa gengi la reli, aliyesilimu kwa ajili yake na aliyekuwa akiona haya hata kuomba maji ya kunywa. Ndahani alimchukua akampeleka kwao, ng'ambo ya Kintinku, kwenye mbuga za Ugogo. Baada ya mavuno, mtu mmoja wa reli akanipitia na habari ya mdomo. Mama mkwe wake Zuhura alimkabidhi kuku awatunze, na kuku wanatoweka. Zuhura anasema wanaliwa na mbweha. Mama mkwe anasema huo ni uongo, mkamwana anawagawa kuku kwa watu wa treni au anajipikia kwa siri. Ndugu yake aje alisafishe jambo hili, la sivyo atarudishwa kwao.

Nilikasirika. Ni afadhali kuitwa mwizi wa ng'ombe, maana huyo angalau watu humwogopa. Mwizi wa kuku huchekwa na watoto. Nilifunga duka nikaapa kwamba nitawashtaki mbweha wa Ugogo mbele ya wazee wao na nitashinda. Ila nitawaambia na jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile: upande mmoja wa moyo wangu ulitamani nishindwe, ili arudi. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu aondoke.

Tabora hadi Goweko

Treni ya kwenda mashariki mnaijua. Reli ni ile aliyoijenga Mjerumani na anayoiendesha Mwingereza, na mbao za daraja la tatu bado zinamngoja wa kuzilainisha. Nilibanwa dirishani na mama mmoja wa Kimoraviani, mkulima, aliyekuwa akienda kumwona bintiye Goweko. Alikuwa na kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na kila akila kipande kimoja alinipa viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kula. Unakwenda kuzika?"

"Hapana, mama. Nakwenda kuwashtaki mbweha."

Alitafuna kwanza. Nikamweleza habari ya Zuhura tangu mwanzo, naye akawa ananitikisia kichwa kwa huruma, mpaka nikaona kesi yangu imekwisha kushinda.

"Mbweha ni mwizi," alisema. "Huyu wetu wa Unyamwezi, mwenye mstari mweupe ubavuni, mimi namfahamu. Hachagui. Panya anakula, mzoga anakula, matunda yaliyoanguka anakula, mahindi mabichi anakula, na kuku ndiyo pilau yake. Siku moja alichukua kiatu cha mchungaji wetu, tena wakati wa ibada."

"Alikila?"

"Tulikikuta kimebaki kisigino."

Kama fundi viatu nilifurahi sana kusikia hivyo. Nilimwomba arudie habari ya kile kiatu, nikaikariri ili niitoe mbele ya wazee. Aliposhuka Goweko aliniachia matobolwa yaliyobaki na kuniahidi sala. Baadaye niligundua kwamba alinielewa vibaya, au mimi nilijieleza vibaya, kwa sababu alipokuwa akiniaga dirishani alisema, "Mungu akulinde, mwanangu, hao mbweha wasikuume."

Tura, ambapo treni ilipatwa na kiu

Tulifika Tura, treni ikasimama na kutulia kama punda aliyekataa. Pampu ya maji ya stesheni ilikuwa imeharibika na injini haikuwa na maji ya kutosha kuendelea. Gadi alipita akituambia tushuke tunyooshe miguu. Tulinyoosha miguu mpaka ikawa haina tena pa kunyookea. Wenye vyakula walipika, wenye watoto waliwaogesha kwa vikombe, na mimi nikala matobolwa mpaka tumbo likajaa kama gunia.

Hapo ndipo nilipokutana na Masinga. Alikuwa Mgogo wa makamo, mrefu, na ndewe za masikio yake zilizotobolewa zilining'inia karibu na mabega. Alikuwa ametoka Tabora kuuza ng'ombe mnadani. Alinisikia nikizungumza, akanijua kabila, akaja moja kwa moja, akaketi juu ya mzigo wangu.

"Mpagazi!" akasema. "Inuka unibebee hili blanketi."

Nilifurahi mno. Mnajua wenyewe kwamba Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi ya misafara, babu zetu walipopita kwao na mizigo ya pembe, nao wakawatoza hongo, ule ushuru wa njia, kwa kila kata ya maji. Mtani akikutukana hukasiriki, unamtukana zaidi. Akichukua kitu chako humpeleki kwa Bwana Shauri wa serikali, unakwenda kwake unamsema mpaka ashibe, kisha unachukua chake. Na anayekataa utani anakuwa amemdharau mwenzake kuliko matusi yote.

"Wewe mwenye masikio ya kufunikia chungu," nilimjibu, "blanketi hilo umemwibia nani?"

Tukawa ndugu papo hapo. Tulikula karanga zake tukamaliza matobolwa yangu. Akaniuliza ninakokwenda. Nikamtajia kijiji, nikamtaja Zuhura, mama mkwe, kuku na mbweha. Masinga aliweka karanga chini.

"Mbweha wa kwetu hawali kuku," alisema. "Wanakula mchwa. Kuku wa dada yako nimewala mimi."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Niliwaita abiria wengine waje wasikie: mwoneni mtani wangu, amesikia kesi ya dada yangu na amekwisha kujitwika! Masinga akaapa. Nikacheka zaidi. Akasema nyumba yake iko nyuma ya kilima, mwendo mfupi kutoka kwa mama mkwe. Nikamwambia hata mimi nyumba yangu iko nyuma ya ikulu ya Mfalme wa Uingereza.

Nanyi mnaosoma mmekwisha kuelewa kwamba alikuwa akisema kweli tupu. Basi endeleeni kujua peke yenu, maana mimi nilitoka Tura nikiwa bado nacheka.

Mgunda Mkali kwa miguu

Kesho yake pampu ilikuwa bado haijapona. Masinga akasema Kazikazi kuna treni ya mizigo itakayotuchukua, na njia ya babu zetu bado ipo, inapita vichakani sambamba na reli. Eneo hilo ndilo waliloliita Mgunda Mkali, na nadhani aliyelipa jina alikuwa na kiu.

Tulikwenda. Vichaka vya pale vimeshikana kama ugomvi wa mitala, na njia yenyewe inapotea, inarudi, inapotea tena. Kibuyu cha maji alikibeba Masinga, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, kwa sababu kila nilipoomba maji alisimama katikati ya njia, akachomeka fimbo ardhini.

"Hongo," alisema.

"Masinga, nina kiu."

"Hata babu yako alikuwa na kiu. Hongo."

Sharti lilikuwa nimbebee mzigo mpaka mti fulani, kisha ndipo ninywe. Mti huo kila mara ulikuwa unasogea mbele. Nilipolalamika kwamba Mnyamwezi wa leo ni fundi na hakuzaliwa kubeba mizigo, alinitazama mabega akasema ni huzuni kuona kazi ya Mungu inaharibika. Nilimtukana mpaka maneno ya Kiswahili yakaniishia nikahamia Kinyamwezi. Alifurahi kama mtu aliyeletewa chakula.

Tulipopumzika alirudia habari ya kuku. Safari hii alizungumza kwa upole, bila kucheka.

"Dada yako hanitukani," alisema. "Nilikwenda kumsalimu alipoolewa, nikamwita binti wa wapagazi. Akainamisha kichwa. Nikamwambia Wanyamwezi wananuka moshi wa asali. Akainamisha kichwa. Nikachukua kuku mmoja ili aje kwangu kugomba. Nikatundika manyoya juu ya mlango wangu, kila anayepita kwangu anayaona. Hakuja. Nikachukua mwingine. Kasimu, watu wenu wananionaje mimi? Mimi si mtu?"

Nilimpigia makofi. Nilimwambia hajapata kunitania vizuri hivyo tangu Tura. Masinga alinyanyua kibuyu akanipa maji bila hongo, na hilo lingetosha kumshtua mtu mwenye akili.

Kintinku, na siku mpagazi alipopanda magunia

Kazikazi tulipata treni ya mizigo, na msimamizi wake akaturuhusu tukae juu ya magunia ya karanga. Ni njia nzuri ya kusafiri kwa mwenye meno. Tulipita Itigi na Manyoni, kisha reli ikaanza kuteremka bonde la Saranda, na Ugogo yote ikafunguka chini yetu, pana na kavu, ya rangi ya simba. Upepo wa kipupwe ulikuwa ukivuma bila kizuizi. Nilijifunika blanketi la Masinga, naye akanishtaki kwa wizi mpaka Kintinku.

Tulishuka tukaagana stesheni. Alisema anapitia kwa shemeji yake kwanza, kisha atakuja kwetu kusikiliza kesi. "Na mimi nitakuja kuungama," alisema. Nikamwambia ajipake mafuta kwanza, mtu haungami na miguu ya vumbi.

Nilivuka mbuga peke yangu alasiri. Hapo ndipo nilipowaona washtakiwa kwa mara ya kwanza. Walikuwa wawili, mbali, wadogo kuliko mbwa wa kwetu, miguu myeusi na nyuso nyeusi kana kwamba wametoka kuonja chungu chenye masizi. Na masikio! Kila sikio lilikuwa pana kama kiganja cha mtu mzima. Waliniona, wakayalaza, wakakimbia kwa kukata kona huku na huku mpaka wakapotea. Nilijisemea kwamba asiye na hatia hakimbii namna hiyo.

Kwa mama mkwe

Nyumba ya mama yake Ndahani ni tembe refu lenye paa la udongo, na zizi la ng'ombe limekumbatiwa katikati. Yeye mwenyewe ni mama mfupi, mkavu, asiyepoteza maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa."

Niliwekewa ugali wa uwele, mlenda na maziwa mgando. Chakula kilikuwa kitamu, lakini mgeni wa ukweni asiyechinjiwa kuku ameshaambiwa neno. Ndahani alikula pamoja nami akitazama sahani tu. Maskini, alikuwa katikati ya mke na mama, na pande zote zilimchoma.

Zuhura alikuwa amekonda. Nilimkuta jikoni, tukasalimiana, akalia kidogo akajifuta.

"Kaka, niliwaona kwa macho yangu," alisema. "Jioni wanapita nyuma ya zizi. Kukicha kuku mmoja hayupo."

"Uliwaona wameshika kuku mdomoni?"

"Niliwaona wana masikio."

"Zuhura, masikio si kosa."

"Kaka, wewe umekuja kunitetea au kunihoji?"

Nilimuuliza kama kuna mtu yeyote kijijini aliyemchokoza. Akasema hapana, watu ni wema, ila yupo mtu mzima mmoja wa nyuma ya kilima aliyemtukana siku za mwanzo mbele za watu, naye akanyamaza kwa adabu, kwa sababu mashangazi walimfunda kwamba bibi arusi hafungui mdomo ukweni. Nikamsifu kwa malezi yake. Tena nilijisifu na mimi, kwa kuwa niliyemlea ni mimi. Sijui mniweke kundi gani la wajinga.

Nikatoka nikamkabili mama mkwe. Nikamweleza kwa heshima kwamba mbweha ni mlaji kuku, jambo linalojulikana Tabora yote, na nikamtolea habari ya kile kiatu cha mchungaji.

"Huko kwenu labda mbweha wanakula hata pilau," alisema. "Wa hapa, wenye masikio, wanakula mchwa. Nimezaliwa nawaona na sitakufa nimewaona na kuku."

"Mama, nipe kuku mmoja, kesho nitakuonyesha."

Alinipa. Alikuwa kuku jike mweupe, mmoja wa wachache waliobaki.

Kesho yake alasiri tulikwenda nyuma ya zizi, karibu na shimo ambalo mbweha hao wanalitumia. Nilimfunga kuku mguu kwenye shina la nyasi, tukajificha nyuma ya ukuta wa miiba: mimi, Zuhura, Ndahani, na mama mkwe aliyebeba kigoda chake. Wakati wa baridi wanyama hao hutoka mapema, jua likiwa bado juu. Dume alitokea kwanza, akajilaza mlangoni mwa shimo, na vitoto vikaanza kumpanda mgongoni. Jike ndiye aliyekwenda kutafuta.

Nawaapieni sijapata kuona uwindaji wa namna ile. Alitembea polepole, pua chini, akasimama, akaelekeza sikio moja ardhini, kisha la pili, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Kisha akachimba haraka kwa miguu ya mbele, shimo la kina cha kidole tu, akatoa buu nono akameza. Akasogea. Kwenye samadi ya ng'ombe alipindua bonge kwa pua, akamkuta dundu, na tulimsikia dundu akivunjika kama bisi. Panzi akaruka, akamdaka hewani. Kisha akafika kwenye msafara wa mchwa waliokuwa wakibeba vipande vya nyasi, na hapo akainama akaanza kuramba, taya zikienda kasi kuliko cherehani.

Msafara ule wa mchwa ulipita miguuni mwa kuku wangu.

"Mle," nilinong'ona. "Mle, mwizi mkubwa."

Jike alikwenda akiramba, hatua kwa hatua, mpaka akawa upande huu wa mchwa na kuku upande ule. Kuku akatazama chini. Akaona mchwa. Akaanza naye kudonoa. Wakala pamoja kwa amani, kama mashemeji. Mbweha akasogea kidogo upande wa kuku, na kuku, ambaye aliona hii sasa ni kuvunjiana heshima, akamdonoa puani. Mbweha akaruka nyuma, akalaza masikio, akakimbia kwa kona zake zote. Dume naye akasukuma watoto shimoni, nao wakapotelea chini.

Mama mkwe alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda. Ndahani alicheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Zuhura peke yake hakucheka.

Mama mkwe alipoinuka alikuwa amekwisha kumaliza kicheko. "Umeona mwenyewe," aliniambia. "Wazee wanakaa kesho. Mzigo wa dada yako uwe tayari."

Zuhura alimfungua yule kuku akambeba kwapani. Alinipita bila kunitazama. "Kaka," alisema, "umenimaliza." Na kweli nilijiona nimemmaliza. Upande ule wa moyo niliowaambia, uliotamani arudi, ulinyamaza kabisa siku ile, kwa sababu kurudi kwa aibu si kurudi.

Kwenye kikao

Wazee walikaa asubuhi uani. Nilizungumza nikiwa sina cha kuzungumza. Nilisema dada yangu hakudanganya, aliona mnyama na akapotewa na kuku, akaunganisha viwili hivyo kama ambavyo mtu yeyote wa mjini angeunganisha. Mzee mmoja akauliza: kama si mbweha, basi nani? Zuhura aliketi na wanawake, kanga imemfunika uso, mzigo wake umefungwa pembeni.

Ndipo Masinga akaingia, amejipaka mafuta kama nilivyomwagiza.

"Mbukwa!" akasalimia. "Kuku nimewala mimi."

Uani palipasuka vicheko. Wazee walipiga magoti yao kwa viganja. "Mtani amekuja kumwokoa mtani!" mmoja alisema. "Kaa, Masinga, umefanya vema." Hata Wagogo wenzake hawakumwamini. Masinga alisimama katikati akigeuka huku na huku, akiapa kwa mama yake, na kila alipoapa walizidi kucheka, nami nikiwa miongoni mwao, ingawa kicheko changu kilikuwa kimeanza kukauka.

Zuhura alifunua uso.

"Uliwala na nini?" aliuliza.

Vicheko vikapungua. Masinga akamgeukia.

"Na ugali wa uwele," alisema. "Wote walikuwa wazuri, ila yule mwekundu mwenye kishungi. Yule nilimchemsha tangu asubuhi na bado alinitoa jino."

Nilimwona Zuhura akibadilika uso. Yule mwekundu yeye ndiye aliyekuwa akimlisha kwa mkono. Alisimama. Akafunga kanga kiunoni. Na mashangazi wote wa Tabora waliomfunda, wakati ule, walikuwa mbali sana.

"Wewe Masinga!" alisema. "Masikio kama nyungo za kupepetea! Mbweha mwenyewe akikuona anaona haya kuitwa mwenye masikio! Babu yako aliuza maji ya matope, na wewe unaiba kuku wa bibi arusi! Mbweha ana adabu kuliko wewe: anakula mchwa, halali yake, na dume lake linabaki nyumbani kulea watoto, wewe unazunguka minadani unanuka samadi! Jino limekutoka? Mungu na akutoe yote, ule uji mpaka kiyama!"

Aliendelea. Kuna mengine siwezi kuyaandika, maana karatasi hii itasomwa na wakwe. Masinga alikuwa amefumba macho, anatabasamu, machozi yanamtoka. "Endelea, mtani," alisema. "Endelea, mwanangu. Nimekungoja tangu harusi."

Zuhura hakuishia hapo. Alitoka uani, akashika njia ya kilima, na kikao kizima kikamfuata, wazee na fimbo zao, mama mkwe na kigoda chake. Nyuma ya kilima kulikuwa na nyumba, na juu ya mlango wake palining'inia manyoya, mafungu kwa mafungu, yamefungwa kwa uzi. Zuhura aliingia zizini kwa Masinga akatoka na mbuzi wawili, wote wenye mimba. Akawavuta mbele ya mwenye mali.

Masinga hakushika kamba. Alimpisha.

Hapo ndipo kila mtu alipoamini. Mtani asiye na deni angeng'ang'ania kamba mpaka ikatike. Mama mkwe alikwenda mlangoni akayashika manyoya yale, fungu moja baada ya jingine, na alimtambua kila kuku.

"Masinga, kwa nini hukusema?"

"Nilisema!" Masinga alipiga kelele. "Nilimwambia huyu mpagazi tangu Tura! Nimewaambia ninyi leo hii! Mnataka niseme kwa lugha gani?"

Kila mtu alitazama kwingine. Mimi nilitazama viatu vyangu, ambavyo navyo vilihitaji kushonwa.

Mama mkwe hakuomba radhi, na sikutegemea aombe. Alimtazama Zuhura aliyesimama pale anahema, kamba mbili mkononi, kanga imeteleza. "Haya," alisema, "wapeleke nyumbani. Wakizaa utawakamua mwenyewe. Na huo mzigo wako nani aliyeufunga? Kaufungue."

Kurudi

Nilitaka kuondoka siku ile ile, wakanizuia. Mke wa Masinga alileta majogoo wawili, nikamsikia Ndahani nyuma ya nyumba akisoma bismillahi kwa sauti, akiwa amechangamka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Asubuhi walinisindikiza mpaka Kintinku. Masinga alibeba mzigo wangu njia yote, na alinionya kwamba nikieleza jambo hilo Tabora atakanusha.

Zuhura alinipa kikapu. Alicheka, akanitania kuhusu yule kuku wangu shujaa, akamkemea Masinga kwa mwendo wake wa kobe. Treni ilipoanza kuondoka alikimbia hatua chache kando ya behewa, kisha akasimama na wenzake, na mama mkwe akamshika mkono.

Nilikifungua kikapu tulipokuwa tumepita Saranda. Ndani mlikuwa na ugali uliofungwa kwa majani na jogoo mzima wa kukaanga. Mnajua kwamba kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Tangu wazazi wetu walipofariki, Zuhura hajapata kupika kuku bila kuniwekea firigisi juu ya nyama yote, mahali pa kuonekana. Niliitafuta. Niliinua mapaja, nikainua mabawa, nikafunua ugali, abiria mwenzangu akaniuliza nimepoteza nini.

Haikuwamo. Ilikuwa imebaki Ugogo, kwenye sahani ya Ndahani.